Ua wa Minyaa Unaotembea

Jumatatu, 5 Mei 2025
Hasanali wa ng'ambo ya barabara amepata cheti cha jengo la kijani, yaani lisiloharibu mazingira, kwa nyumba yake ya wageni. Kila asubuhi anatoka na kitambaa, anafuta kibao cha cheti hicho, ananitazama mimi! Sasa kampuni ya watalii inataka nyumba zenye cheti tu. Nisipokipata, nafunga yangu. Basi nimejaza fomu mbili, kila moja na ramani ya mpaka wa eneo langu. Ya miti inataka kivuli. Nina mpapai mmoja, nao dume. Nimechora mpaka ukapita nyuma ya nyumba ya Dada Muzna, minazi yake kumi na miwili ikaingia. Ya maji inataka matumizi madogo. Hapo mpaka umeishia mlangoni kwangu, bomba la kufulia likabaki nje. Akili ni mali.

Jumatano, 7 Mei
Mkaguzi, Bi Beatrisi wa Muheza, kapiga simu. Anauliza mpaka wangu ni upi. Nimejibu ni ua wa minyaa. Kweli tupu: marehemu baba aliupanda mwenyewe kati yangu na Muzna. Tatizo, ua hautembei. Muzna yuko Horohoro harusini. Nimeung'oa wote, nimeuchomeka kwenye ndoo ishirini za rangi. Sasa unatembea!

Ijumaa, 9 Mei
Tulianza na miti. Ndoo zote nyuma ya minazi. Bi Beatrisi kasifu kivuli. Nikampa dafu (la Muzna). Akiwa anakunywa, nikakokota ndoo hadi mlangoni kwa ajili ya ukaguzi wa maji. Kumi na tisa salama! Ya ishirini ikapinduka miguuni pake. Akauliza mpaka huu humwagiliwa mara ngapi kwa siku. Kisha akaziweka ramani zangu mbili pamoja dirishani, jua likapenya. Akasema kwa upole kwamba mpaka ni mmoja kwa fomu zote. Nikitaka minazi, nichukue na vilivyo chini yake. Nikasema nachukua. Chini yake kuna ng'ombe watatu wa Muzna, jenereta na choo cha shimo.

Ndipo Dada Muzna akarudi. Nikampa shikamoo. Alikuwa anatazama mahali ulipokuwa ua wa baba. Akasema njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia kwenye ndoo. Nimeona haya. Haya ya kweli.

Jumatatu, 12 Mei
Nimenyimwa cheti kwa ramani za uongo. Nimemwomba dada radhi. Kasema niupande ua wa baba upya, palepale, kwa mikono yangu. Nimeapa. Bi Beatrisi alikuwa kwake, wanajaza fomu za vyumba vyake vitatu vya wageni. Mpaka mmoja fomu zote: ng'ombe ndani, jenereta ndani, choo ndani! Nimecheka hadi nikapaliwa.

Jumamosi, 31 Mei
Muzna kapata cheti; minazi yake imefidia ng'ombe na jenereta. Watalii ni wake. Hasanali kaja kumpongeza, kapita mlangoni kwangu hata salamu hakuna.

Ua wa baba nimeurudisha mahali pake, ila bado uko kwenye ndoo. Nitaupanda mvua ikipungua, inshallah. Leo nimepima: kutoka kwenye ndoo hadi kwenye kibao cha cheti cha Muzna ni hatua tisa tu. Kesho anashinda Tongoni. Nimeshaazima mkokoteni wa kubebea ndoo.