Cheti Changu cha Kulala

Jumapili, 4 Agosti 1996

Leo naanza shajara. Mtu mkubwa lazima awe na shajara, na mimi ukubwa naunusa tu hapo karibu. Watakaouliza ilianzaje, waambiwe ilianzia Shauri Moyo, Nairobi, nyumbani kwa Mjomba Nzivo, nyuma ya pazia, juu ya kochi lenye shimo ambalo limeshachukua umbo langu.

Habari yenyewe ni Lorraine wa nyumba ya tatu. Nampenda. Yeye pia ananipenda, bado kusema tu. Shida ni babake, Mzee Amolo wa reli. Huyu mzee ana ugonjwa wa vyeti. Ukuta wake wote ni fremu. Cheti cha reli, cha huduma ya kwanza, cha kwaya, hata kadi ya chanjo ya Lorraine ameitia kioo! Leo tulipotoka kanisani akasimama mlangoni pake, mikono kwenye mshipi, akatangaza kwamba Jumapili ijayo kijana yeyote anayemtaka bintiye aje na cheti mkononi. Asiye nacho asikanyage hata ule mkeka wa kupangusia viatu. Lorraine akamwambia baba, si uache kuniaibisha mbele ya watu. Mzee akajibu kwamba aibu ni kuolewa na mtu asiye na karatasi.

Phares akacheka kwa sauti ili nisikie. Huyu ni karani wa posta, suruali imenyooshwa mpaka inaweza kukata mkate. Ana vyeti vitatu, na kimoja ni cha kujibu simu. Kujibu simu! Hiyo hata mimi naiweza, ila nyumbani hatuna simu.

Mimi nina cheti cha darasa la nane. Panya alikula upande wenye alama. Panya mwenye roho nzuri sana. Kidato cha pili niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wananichelewesha.

Lakini mpango upo! Mjomba hufanya kazi thieta, ndiye anayewalaza wagonjwa kabla hawajapasuliwa. Wiki hii wanaitwa semina, wataalamu wa nusukaputi wa nchi nzima, kwenye hoteli ya ufuoni kule Pwani, wakaongezewe ujuzi. Kila anayehudhuria hupewa cheti. Na barua inasema mshiriki aje na mwenzi wake. Anti Mbeti amekataa. Ana mitumba ya kufungua sokoni Gikomba, na anasema hana haja ya kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Nafasi ya mwenzi iko wazi!

Mjomba alikataa mara tatu. Nikamkumbusha mgongo wake na uzito wa mkoba. Akakataa mara ya nne. Ndipo Anti Mbeti akamwambia mumewe, Baba Mwelu, nakuomba, mchukue huyu nipumue siku chache. Nimepita bila kupingwa.

Nikamfuata Lorraine kwenye bomba la maji, nikamwambia nimeitwa Pwani kikazi. Akauliza kazi gani. Nikasema, ya usingizi. Akacheka mpaka ndoo ikafurika, akasema hiyo basi wamempata fundi.

Jumanne, 6 Agosti

Tumefika. Bahari nimeiona. Ni kubwa. Nimeionja pia, aliyeitia chumvi hakupima.

Pigo la kwanza kaunta. Baji zilichapwa mapema, na yangu imeandikwa BI. MBETI NZIVO, MWENZI. Nikamwambia karani atazame vizuri, mimi ni dume. Akatazama, akasema chapa ni chapa, nivae hiyo au nile nje na paka. Nimeivaa.

Chakula unajipakulia mwenyewe! Hakuna wa kukuuliza umerudi mara ya ngapi. Kuna mpishi kazi yake ni mayai tu, anakuuliza unayatakaje. Nikamwambia, mengi.

Mjomba amenipa sheria. Ufuoni sawa, mezani sawa, chumbani sawa. Ukumbini nisikanyage. Ananiambia, kijana, humo ndani kuna walimu wangu, humo ndani ndimo jina langu limo. Nikamwapia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na soseji.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekanyaga ukumbini.

Sikuwa na budi! Nimegundua cheti hakitoki kwa kula. Kuna rejista mlangoni, lazima utie sahihi kila kipindi, asubuhi na mchana. Nikaigeuza baji nyuma mbele, nikasaini jina langu, Dkt. Muasya, kwa mwandiko ambao hata mimi siwezi kuusoma. Mwenye rejista hakushtuka. Nadhani mwandiko ndio uliomthibitishia.

Nikaketi nyuma kabisa. Mzee wa kiti cha jirani akauliza natoka hospitali gani. Nikamwambia niko binafsi. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kumbe udaktari ni rahisi hivi!

Basi wakazima taa. Slaidi ya koo la mtu. Slaidi ya pili, koo lilelile kwa upande. Hewa ya baridi inapuliza kutoka ukutani, kiti ni laini, tumboni nina soseji sita. Jamani, mimi ni binadamu.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Mtaani ukikoroma unatupiwa kiatu. Hawa watu wakisikia mkoromo hawaoni usingizi, wanaona mtu ambaye njia ya hewa imeziba na anaaga dunia. Ukumbi mzima ulinirukia! Nilizinduka nimeshikwa na mikono kumi. Mmoja amenikunja shingo nyuma, mwingine yuko kwenye mapigo ya moyo, mwingine anahesabu pumzi kwa sauti, na mmoja ameiinua taya yangu kwa vidole viwili kama mtu anayefungua kopo. Nikamtazama huyo wa taya. Mjomba! Mkono wake ulikuwa umeruka kabla ya macho kunitambua. Aliponitambua hakuachia. Alikaza.

Mkuu wa semina, Daktari Wangeci, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, akashuka jukwaani akauliza huyu ni nani. Watu wakaigeuza baji. Akasoma kwa sauti, polepole, Bi. Mbeti Nzivo. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Akamgeukia Mjomba akampongeza kwa ndoa.

Mjomba alikuwa na rangi ya ini.

Nikajua basi, nitarudishwa Nairobi na mzigo. Lakini Daktari Wangeci akanizunguka, akanipima shingo kwa macho, akasema mwaka mzima hajasikia koo linaloziba vizuri namna hii. Mwanasesere wao wa mazoezi alivunjika kichwa njiani. Je, kijana, ungekubali kesho kuwa mgonjwa wetu wa mfano? Nikamwambia nina sharti moja, nataka cheti chenye jina langu mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema ataandika kile nitakachokuwa nimefanya, bila kuongeza wala kupunguza. Nikakubali hata hajamaliza kusema!

Mjomba ameniomba nikatae. Ameniomba kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. Wivu huo.

Alhamisi, 8 Agosti

Unyama! Mgonjwa wa thieta halali na chakula tumboni, kitarudi kimzibe. Sheria. Nikauliza, hata wa mfano? Hata wa mfano. Yaani hoteli nzima inakula mahamri ya moto, na mimi nimekaa kando ya dirisha nikimeza mate!

Saa kumi na mbili unusu nikapita jikoni kwa bahati mbaya. Mahamri mawili. Na yai.

Saa tatu nikalazwa jukwaani. Watu sitini, kalamu juu. Daktari Wangeci akaniinamia, swali lake la kwanza likawa, umekula lini? Nikamwambia daktari, tangu jana jioni sijaweka kitu mdomoni, hata njaa inanitetemesha. Akanitazama. Nikamtazama. Macho yangu ni safi sana nikitaka.

Akaniwekea kinyago puani, akaniambia nihesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Kumi. Tisa. Nane nakumbuka. Saba siikumbuki vizuri. Dawa kali ile!

Nilipoamka watu walikuwa wanajifuta machozi. Yule mzee wa kiti cha jirani alikuwa ameshuka chini ya kiti. Mjomba anatazama dari. Kumbe nusukaputi inafungua mdomo! Wanasema niliongea dakika ishirini mfululizo. Nimetaja mahamri, hesabu kamili, na yai. Nimesema redio ya Mjomba ni mimi niliyeiangusha, wala si fundi. Nimesema nilipokoroma jana palikuwa pazuri kuliko kochi la nyumbani. Na nimemtaja Lorraine mara saba, mara ya mwisho nikiimba.

Halafu Daktari Wangeci anawaambia watu eti kwenye kinyago hamkuwa na dawa yoyote. Oksijeni tupu! Akasema mgonjwa huyu amejilaza mwenyewe kwa kiherehere. Mimi si mtoto. Hiyo ni siri ya kazi, lazima wakane.

Akaendelea kuwafundisha mgongoni mwangu. Mtazameni vizuri, akasema, huyu ndiye mtakayekutana naye kila siku ya maisha yenu. Ataapa hajala. Atawatazama machoni. Msimwamini, mnuseni mdomo. Wote sitini wakaandika. Nimeingia kwenye madaftari ya nchi nzima!

Mjomba alinisubiri mezani wakati wa chakula cha jioni. Akanena sentensi moja tu. Kwamba yule fundi wa redio alimtukana mbele ya watoto wake, na tukirudi ataenda kumwomba msamaha, na mimi nitakwenda naye kushika kofia.

Ijumaa, 9 Agosti

CHETI! Karatasi nene, mhuri wa buluu, sahihi ya daktari, na jina langu refu kuliko la Mjomba. Maneno mengine ni Kiingereza cha kitabibu, marefu, nimeyaruka. Jina nimeliona, mhuri nimeuona, yatosha.

Mjomba alikisoma. Akakohoa. Akakisoma tena, akaniuliza kama nina hakika nataka Mzee Amolo akione hiki. Nikamwambia nina hakika kama jua. Akasema basi, kila mtu na mkeka wake. Wivu sasa umefika kwenye mifupa.

Jumapili, 11 Agosti

Siku yenyewe. Nilivaa koti la Mjomba. Phares tayari yuko sebuleni kwa Mzee Amolo, vyeti vyake vitatu ndani ya faili la plastiki, magoti yameshikana kama ya bibi harusi. Lorraine yuko mlangoni na sinia ya chai, uso umemvimba kwa hasira, anamwambia babake hii si ofisi ya kuandikisha watu kazi. Mjomba amekuja kama shahidi. Ameketi karibu na mlango.

Mzee akavipitia vya Phares haraka. Akasema ni vizuri, lakini kujibu simu ni kitu cha kujua, si cha kutundika. Phares akanywea!

Zamu yangu. Mzee akavaa miwani. Akasoma kimya. Akasimama. Akasoma tena akiwa wima. Kisha, kwa sababu relini alizoea kutangaza, akatutafsiria wote kwa sauti ya stesheni:

“Inathibitishwa kwamba Bwana Muasya alihudhuria semina kama mgonjwa wa mfano. Alilala dakika ishirini bila dawa yoyote. Alikoroma kwa kiwango cha juu sana. Alidanganya kuhusu chakula. Amewafundisha wataalamu sitini somo ambalo hawatalisahau.”

Kijiko cha Phares kikaanguka.

Mzee akasema ametumikia reli miaka thelathini na moja, na hajawahi kushika cheti kisichokuwa na uongo hata nukta. Hiki ni cha kwanza. Akatoa fremu ya kwaya ukutani, akakitia changu, akakipigilia pale katikati. Nikanyoosha mkono nimwite baba mkwe. Akaniambia cheti kimekaribishwa, kikae. Mwenye cheti aende nyumbani.

Nikatoka bila cheti. Mkeka nilikuwa nimeukanyaga lakini, hilo halifutiki.

Nilipotazama nyuma, Lorraine alikuwa amemshika Mjomba koti. Anamuuliza hiyo kazi ya kulaza watu inasomewa wapi. Anauliza ni miaka mingapi, kama wasichana wanachukuliwa, kama huyo Daktari Wangeci anajibu barua. Mjomba alikuwa anamjibu na uso wa mtu aliyeiona mvua baada ya kiangazi. Mzee Amolo akasikia neno chuo, akauliza mwishoni wanatoa cheti gani. Akaambiwa, kikubwa. Akaketi mwenyewe. Habari ya wachumba ikaishia hapo, Phares akaomba faili lake.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelala nikalifikiria jambo lote, nikaona nimeshinda. Cheti changu kiko sebuleni kwao, katikati kabisa, wanakula wakikitazama. Na Lorraine anataka kusomea kazi ileile yangu! Mtu hufanya hivyo kwa nini kama si kutaka kuwa karibu?

Tumeenda kwa fundi wa redio asubuhi. Nimeshika kofia. Fundi amesamehe. Kwa meza yake kulikuwa na gazeti la kufungia vyuma, nikaona madaktari wa meno watakuwa na semina Kisumu mwezi ujao, hoteli ya ziwani. Meno ninayo thelathini na mawili, na moja limeoza vizuri sana. Wanahitaji mfano. Nimeikata hiyo habari, iko mfukoni.

Jioni nikamkuta Lorraine kwenye bomba, ameketi juu ya ndoo na daftari jipya, anaandika barua yake ya maombi. Nikamweleza mpango wa meno. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akasema mgonjwa wa kwanza atakayemlaza nitakuwa mimi, na hatafanya haraka kuniamsha. Hiyo si ahadi ya ndoa ni nini?

Kisha akanitazama usoni, akauliza kwa ile sauti ya daktari, umekula lini? Nikamwambia Lorraine, tangu jana sijatia kitu mdomoni, ni mapenzi tu.

Akanyoosha kidole, akaniondoa makombo ya mandazi kidevuni, akaandika kitu kwenye daftari.

Anaandika habari zangu! Tumefika mbali.