Ngamia wa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni 1996
Garissa. Joto la kuivisha chai bila moto. Bwana Warsame, mkuu wetu wa mradi, ametangaza: atakayeleta maoni bora ya watoto kuhusu michezo na mazoezi atakuwa msimamizi, mwenye ofisi ya feni. Feni! Tumekatazwa kuwahoji watoto kama polisi. Tuwape karatasi na kalamu za rangi, wachore wanavyocheza, kisha waeleze wenyewe. Mpinzani wangu Fowsiya tayari yuko shuleni, ameketi mchangani nao. Mtu mzima! Mimi nina mbinu.

Jumanne, 4 Juni
Nimejifungia chumbani, nimechora mwenyewe. Kwa mkono wa kushoto, ionekane kazi ya mtoto. Darasa zima, mimi peke yangu! Huyu anapiga mpira, yule anaruka kamba, mwingine anakimbizana na ngamia. Ngamia nimemnakili kwenye kitabu cha zamani. Kapendeza. Fowsiya amerudi na vumbi hadi kwenye kope. Nimempa pole. Moyoni nacheka.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Nimemkabidhi Bwana Warsame michoro yangu kama kazi ya watoto, nayo imependwa kupita kiasi. Mgeni kutoka Nairobi, mtaalamu wa michoro ya watoto, kesho anataka kumwona aliyechora ngamia. Nimemkimbilia mpwa wangu Hinda, miaka tisa. Nimemwahidi halwa aseme kachora yeye. Ameitazama karatasi mpaka nikaona haya.

“Abti, hii ngamia gani? Nundu mbili? Wa kwetu wana moja! Wallahi nikisema ni yangu, mama atanifukuza.”

Nimejitetea kwamba sisi wa Ijara ni watu wa ng'ombe, si wa ngamia. Hakujali. Sasa anataka halwa na soda. Nimekubali, feni haiji bure.

Alhamisi, 6 Juni
Shuleni. Mgeni kaketi mkekani, akamwomba Hinda aeleze mchoro wake. Ndiyo njia yenyewe: mtoto akisema, mkubwa hunyamaza. Hinda akaeleza, kwa adabu zote, kwamba ngamia huyo ni abti yake Abdille, yaani mimi, mjomba wake. Nundu moja ni uvivu, ya pili ni uongo. Hachezi, hakimbii, hujifungia chumbani kuchora. Darasa likaangua kicheko. Mgeni akasema hajawahi kusikia maoni ya wazi namna hiyo. Bwana Warsame hakucheka. Watoto walipoulizwa ni zoezi gani lingenifaa, wakasema nizunguke uwanja mbio. Nimezunguka. Kiatu kimoja kimebaki huko. Msimamizi ni Fowsiya, na halwa imeshaliwa.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya sala nimepita ofisini. Feni inazunguka juu ya kichwa cha Fowsiya. Inauma, jamani! Ameniomba kwa upole Jumatatu niende nikae na watoto, nisikilize tu. Nimerudi nyumbani, nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Mkono wa kushoto ulichora vizuri mno. Nimevua soksi. Kalamu inashikika barabara kwa vidole vya mguu. Ngamia wa kwanza ametoka na nundu tatu, lakini ndio kwanza ninaanza.