Ukiacha Wazi, Kung'oa

Jumatatu, 3 Machi
Mkataba wangu hapa kliniki ya meno unaisha Ijumaa. Mpokezi ana daftari lake la miadi, analikumbatia kama mtoto mchanga. Mimi nina programu! Inawatumia wagonjwa ujumbe: siku, saa, huduma. Huduma si lazima kuijaza. Ukiiacha wazi, kompyuta inajaza chaguo-msingi nililoweka mwenyewe. Nimeweka "kung'oa jino", maana ndilo nililotumia kujaribia. Daktari kasema nianze na miadi ya Jumatano. Roho kwatu!

Jumanne, 4 Machi
Wagonjwa ishirini na watatu. Niandike "kusafisha" mara ishirini na tatu? Vidole vya nani? Nikajaza siku na saa, huduma nikaiacha, nikabonyeza. Dakika moja tu! Mpokezi akaniuliza kama nimesoma nilichotuma. Nikamwambia dada, kompyuta haihitaji kusomewa. Akacheka. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Viti vitupu! Hadi saa nne, hata kikohozi hakuna. Kaja mama mmoja tu, na mumewe, na shemeji zake wawili, kuuliza meno ya watu yanang'olewa kwa amri ya nani. Alikuwa wa kusafishwa tu. Wote walikuwa wa kusafishwa tu! Daktari kaniita. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Kasema tutaongea Ijumaa. Nikajifungia stoo ya pamba, nikalia kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Mpokezi kashika simu tangu asubuhi, daftari mapajani, kawabembeleza wote mmoja mmoja. Wamekubali kurudi! Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Kasema amechoka kuwaonyesha wafanyakazi wapya birika lilipo. Dada wa watu! Chaguo-msingi nimelifuta. Sasa ukisahau huduma, programu inagoma kutuma. Naapa, sitamjazia mtu tena.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeongezewa miezi mitatu! Mpokezi kapiga vigelegele mpaka daktari katoka na koleo mkononi. Kaniagiza niwaombe radhi wagonjwa wote kwa ujumbe. Kazi ndogo. Majina ishirini na matatu yatanichosha, kwa hiyo jina nimelifanya si lazima. Likiachwa wazi, inajaza "Mama mpendwa". Nani atakataa kupendwa? Tena wengi wao ni akina mama. Wanaume ni tisa tu. Nimeshatuma.