Tuzo ya Taifa ya Muziki Mbadala, Ada Ng'ombe Mmoja

Tuzo ya Taifa ya Muziki Mbadala ilizaliwa siku wajomba wa Sethunya walipomwambia Ontiretse kwamba mahari ni ng'ombe wanne, hai, na noti zake azirudishe mfukoni. Mwanamume wa Gaborone asiye na hata mbuzi! Alitoka pale uso umemshuka. Kwenye kituo cha mafuta akawakuta wanamuziki wa roki nzito wakinunua maji: makoti ya ngozi nyeusi juani, minyororo, kofia pana, miwani ya giza. Akawatazama weee, halafu akatabasamu. Watu wanaovaa vile kwenye joto lile wanatamani kuonekana, na karibu wote walikuwa wafugaji. Mungu ampe nini tena!

Kufikia Ijumaa alikuwa Mwenyekiti wa Tuzo, kwa koti la kuazima na fuvu la ng'ombe alilolipaka rangi ya dhahabu uani kwa dada yake.

"Ninyi hamjajiuza kwa redio," aliliambia kundi la kwanza, kwa majonzi ya mtu anayeumia kwa ajili ya sanaa. "Taifa limewaona."

"Lini?" akauliza mwimbaji wao, Mma Jeneza, mama mpole mwenye misumari mabegani.

"Jana, kikaoni. Ushindi ni wenu, ila siri. Mshindi anapewa ziara ya nchi nzima. Ada ng'ombe mmoja tu."

"Ng'ombe? Si pesa?"

"Pesa wanalipa wale wa muziki wa kawaida, mama. Ninyi ni mbadala."

Siri hiyohiyo akayanong'oneza makundi mengine matatu, na majonzi yakazidi kunoga kila alipoyarudia. Masikini, hakujua jambo moja ambalo kila mpenda roki Botswana analijua: wapiga ngoma ni wa kutafuta kwa tochi. Makundi yote manne yalikuwa na mpiga ngoma mmoja, Gofaone, aliyekaa nyuma kwa kofia ileile na miwani ileile, akishinda tuzo mara nne kwa wiki moja. Mheshimiwa Mwenyekiti aliona ngozi nyeusi tu.

Ngoma zikiwekwa kando, Gofaone alichunga ng'ombe wa Rra Moatlhodi. Akamsimulia bosi wake yote.

Mzee akaacha kutafuna. "Ontiretse? Si ndiye anayemtaka binti yangu?"

"Ndiye huyohuyo."

"Yape makundi ng'ombe wangu, yakamlipe. Chagua walio wazuri. Nataka nione anawapeleka wapi."

Jumamosi ya wiki iliyofuata, alfajiri, Ontiretse akafika na lori kwa kina Sethunya, kifua mbele. Wajomba walikuwa wameegemea uzio wa zizi, wakisubiri kukagua. Ng'ombe wakashuka, wakaenda moja kwa moja kwenye birika la maji nyuma ya ghala, bila kuonyeshwa na mtu.

"Wamezoea haraka," akasema mjomba mkubwa.

"Ng'ombe wa ukoo wetu ni wachangamfu, mzee. Huyu mwekundu nimemlea kwa mikono hii."

"Anaitwaje?"

"Anaitwa... Mwekundu."

Rra Moatlhodi akainama, akapapasa alama ya moto pajani. "Na hii?"

"Kovu, baba. Alipita kwenye miiba."

"Wote wanne walipita kwenye mwiba mmoja?"

Nyuma ya ghala wakatokea watu wa makoti ya ngozi nyeusi, mmoja baada ya mwingine, na Gofaone akavua miwani yake. Sethunya alikuwa mlangoni, anacheka hadi machozi. Hapo ndipo Ontiretse alipoumia, maana yeye alimpenda binti huyu kweli, hilo halikuwa utapeli.

"Baba, nisamehe. Harusi ndiyo basi?"

"Harusi ipo. Mahari ni ng'ombe wanne, wako. Utanichungia mpaka uwapate, na Gofaone atakufundisha alama."

Ontiretse akamgeukia Sethunya. "Utanisubiri?"

"Nenda kwanza tuone," akasema, akifuta machozi. "Huko machungani utamdanganya nani?"

Mma Jeneza akalitoa lile fuvu la dhahabu kwenye lori, akamkabidhi Ontiretse kwa mikono miwili, kwa majonzi yaleyale.

"Taifa limekuona," akamwambia.

Basi mshindi yuko ziarani mpaka leo, kule machungani. Analala kibanda kimoja na Gofaone, ambaye kila jioni hufanya mazoezi ya ngoma, kwa ajili ya makundi yote manne.