Dada Niliyemtaja Kikaoni

Jumatatu, 13 Mei
Nimeingia bodi! Shirika la kutetea wafanyakazi wa majumbani, ofisi yao ghorofani juu ya fundi viatu. Hakuna mshahara, hakuna posho, hata chai unajipikia. Haidhuru. Yule mfamasia ambaye duka lake linatazamana na langu la mapazia ni mjumbe wa bodi hiyo, na siku hizi watu wakimsalimia wanasimama. Mimi wananisalimia wameketi, wakitafuna. Wiki ijayo wanachagua mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi. Hawajui tu.

Jumatano, 15 Mei
Kikao cha kwanza. Mshonaji, mama wa makamo anayekaimu uenyekiti, akataka kila mtu aseme kilichomleta. Yeye binti yake alifanya kazi kwa watu, akarudi hazungumzi, mpaka leo. Dereva mstaafu akasema tangu mkewe afariki nyumba ina kimya kibaya, bora aje hapa agombane na watu kwa jambo la maana. Mfamasia akasema wateja wake wengi ni mayaya wanaonunua dawa za majeraha, na amechoka kuuza bila kuuliza. Chumba kizima kikaguswa. Mjanja huyo!

Zamu yangu. Ningesema nini, kwamba nataka watu wasimame nikipita? Nikawapa dada. Dada yangu mkubwa, nikasema, alifanyishwa kazi bila malipo, akaunguzwa mkono kwa pasi, akafukuzwa mvua ikinyesha, hatujamwona tena. Nikaongeza kwamba alikuwa akikunja mashuka huku anaimba mdomo umefumbwa. Machozi yalinilengalenga mwenyewe! Mshonaji akanishika bega. Kura hiyo.

Sina dada. Nimezaliwa peke yangu.

Ijumaa, 17 Mei
Mshonaji amenipigia simu kunipongeza. Dada amepatikana! Amefika ofisini asubuhi, akaniulizia. Mkono una kovu la pasi. Ameshakunja mabango yote ya maandamano, akiimba mdomo umefumbwa. Nikacheka. Mshonaji hakucheka.

Ni mfamasia tu. Amekodi mtu wa kuniaibisha. Nikamfuata dukani, nikamwambia mchezo wake nimeushtukia. Akanitazama kama anayenipima homa. Akasema dada yangu amepita kwake kununua dawa ya kupaka kovu, na pua tunafanana.

Jumamosi, 18 Mei
Nimempigia mama, nisikie angalau sauti ya mtu mwenye akili timamu. Akanifokea kabla sijamwamkia: "Wewe, mbona hukuniambia mwenzio amerudi?" Nikauliza mwenzangu gani. Akasema hataki ujinga, dada yangu yuko pale jikoni anamenya viazi. Nikamkumbusha taratibu kwamba alinizaa mimi tu. Kimya. Ndani ya kile kimya, mtu anaimba. Mdomo umefumbwa.

Mama akashusha sauti. "Usimkane dada yako, mwanangu. Anakusikia."

Nimeshinda dukani nyuma ya mapazia. Niliporudi chumbani nikakuta kitanda kimetandikwa, na shati langu jeupe limepigwa pasi, mstari wa mkono umenyooka. Lilikuwa bado lina joto. Ufunguo ninao mimi peke yangu.

Shati lenyewe limependeza, lakini. Nitalivaa kwenye uchaguzi.

Jumatatu, 20 Mei
Uchaguzi. Nilijieleza vizuri mno. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwenye haki na utu, mlango ukafunguka. Akaingia. Kweli, pua ni ya baba. Ananukia nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mshonaji alikuwa ameshamwekea kiti, karibu na changu.

Akaulizwa, kama sisi sote, kilichomleta.

"Niliitwa," akasema. "Sikuwa popote. Mdogo wangu akanitaja, nikawa na mahali pa kutoka." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitoa jasho. "Lakini ulinipa pasi na mvua tu. Hukunipa hata siku moja nzuri."

Akasema anaitaka kazi hii ya uenyekiti ili asipatikane mwingine ambaye maisha yake yote ni hayo. Wote wakamchagua. Mkono wangu nao ukapanda. Nikajaribu kuushusha, haukushuka. Mfamasia, aliyegombea pia, hakupata kura hata moja, kwa hiyo siku haikuharibika kabisa.

Baadaye nilimfuata kwenye ngazi nimwombe radhi. Nikajikuta namuuliza kama anaweza kunipigia pasi na suruali.

Alhamisi, 23 Mei
Dada ni mwenyekiti hodari. Watu wanasimama akipita. Mimi ananituma kuleta viti mbele ya wajumbe. Mama siku hizi anampigia yeye kwanza. Analala wapi, simuulizi.

Lakini leo habari njema! Dereva mstaafu ameniambia shirika la kutetea wafungwa linatafuta wajumbe wa bodi, na mwenyekiti wao anang'atuka. Kosa langu nimeshaliona: dada alikuwa mpole mno, akapendwa. Safari hii nitawapa kaka. Pande la mtu. Kafungwa miaka bila kosa, na mdogo wake wa pekee hajakanyaga gerezani kumtazama. Nimempa mikono mikubwa na kumbukumbu kali sana. Hasira pia nimempa, tena nyingi. Hasira inagusa watu.

Kikao ni kesho.