Marhun Auza Visiwa vya Ugiriki

Marhun alikuwa akingojea kanzu yake kwa fundi cherehani mjini Ibra, Omani, alipomwona Bi Kuruthum amesimama mbele ya kalenda ya ukutani. Ilikuwa na picha ya kisiwa cha Ugiriki: nyumba nyeupe, milango ya buluu, bahari imetulia. Bi mkubwa aliitazama, akashusha pumzi, akaitazama tena. Marhun aliisahau kanzu. Pumzi ile, kwa hesabu yake, ilikuwa ya mtu mwenye hamu na uwezo.

"Shikamoo, mama. Umevipenda visiwa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimevipenda mno."

"Wallahi una bahati! Mimi ndo kazi yangu, kuwapeleka watu huko."

Kazi yake hasa ilikuwa kuuza visivyokuwepo. Kule Sur aliwahi kuuza viwanja ambavyo maji yakijaa huwa bahari. Na mwaka ule, baada ya michezo ya Olimpiki ya Athene kuonyeshwa kwenye kila runinga, Ugiriki ilikuwa biashara inayojiuza yenyewe.

Jioni ya pili alikuwa sebuleni kwa Bi Kuruthum, anakula halwa mbele ya mashoga zake.

"Lakini mimi bahari inanitapisha," alisema Wadha, jirani.

"Bahari gani, mama? Visiwa vyote vimeungwa kwa madaraja! Unapanda basi, unashuka kisiwa hiki, unapanda tena, kisiwa kile."

Bi Kuruthum alikohoa kidogo, akammiminia kahawa.

Arubuni za safari zikatoka. Ili kuwatoa wasiwasi, Marhun akaweka paspoti yake mezani kama amana, kwa unyenyekevu wa kuliza. Shabaha yake ilikuwa kutorokea Dubai, na Dubai Mwomani huingia kwa kitambulisho tu.

"Mwisho wa mwezi natangulia kutayarisha vyumba," alisema. Hapo ndipo alipojichongea. Waomani waliorudi kutoka Bara, huko Afrika, hawaachi msafiri aondoke hivi hivi. Lazima asindikizwe, tena kwa mizigo.

Siku hiyo alfajiri alifungua mlango na mkoba wake wa pesa begani, akakuta magari yamejipanga. Dalal, binti wa Bi Kuruthum aliyefanya kazi ofisi ya usafiri, alikuwa na paspoti mkononi.

"Khalas, kila kitu tayari. Viza tumekuombea, tiketi tumekukatia. Athene."

"Athene?" Marhun aliukumbatia mkoba. "Lakini mimi... napitia Dubai kwanza."

"Yallah, ingia, utachelewa."

Safari nzima hadi uwanja wa ndege wa Seeb alikaa katikati ya kina mama waliomwombea dua. Alitaka kulia, na kwa macho yake hayo mekundu walimwona mtu mwenye huruma. Uwanjani alikimbilia msalani, akatoka, akawakuta wote mlangoni. Hawakuondoka, msindikizaji hungoja ndege iruke.

Bi Kuruthum akampa katoni za halwa. "Hizi za ndugu yangu Eleni, kisiwani Naxos."

"Ndugu yako... Mgiriki?"

"Wa kunyonya. Baba yake alikuwa na duka jirani yetu Bujumbura. Mama yangu ndiye aliyemnyonyesha. Nilipoiona ile kalenda nilimkumbuka." Akamtengeneza kola. "Na daraja, mwanangu, usisahau kutuonesha."

Marhun alivuka bahari ya Ugiriki kwa feri, katika upepo wa Machi, akitapika kwa zamu na mbuzi wa mtu. Gatini alisimama bibi aliyevaa nyeusi.

"Wewe ndiye Marhun? Hata shikamoo huniamkii?" alisema kwa Kiswahili safi. "Kuruthum amenipigia simu. Lete huo mkoba wa pesa za vyumba."

"Shikamoo, mama. Na tiketi yangu ya kurudi?"

"Utarudi na kina Kuruthum wakija. Ndoo ya chokaa ile pale, kuta zinakungoja."

Mei Bi Kuruthum na mashoga zake wakaja. Wadha alishuka ferini uso umemgeuka kijani, akamkuta Marhun gatini, mikono imepauka kwa chokaa. Kina mama wakaitazama bahari, nyumba nyeupe, milango ya buluu.

"Mashallah," walisema. "Kumbe kweli ni kama ulivyotuambia!"

Marhun aliona haya hadi masikioni. Na juu ya haya, furaha ambayo hakuitegemea. Alikuwa hajapata kusikia maneno hayo kwa mteja.

"Na daraja?" Wadha aliuliza.

"Bado wanajenga, mama."

"Hewala," alisema Bi Kuruthum, akimtwika sanduku la kwanza. "Mpaka wamalize, sisi na mizigo yetu tutavuka juu yako."