Kambi Isiyo na Alama

Jumanne, 9 Julai

Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa duka la chambo. Idara ya misitu inataka "kuratibu" watu wanaopiga kambi porini, nje ya viwanja rasmi. Kuratibu! Miaka ishirini na tatu nimelala kando ya Kijito cha Larkin, bila namba, bila choo, bila ruhusa ya mtu. Ardhi ni ya umma. Umma ni nani? Umma ni mimi. (Doyle Umphrey, jirani yangu wa kambi, naye ni umma, kwa bahati mbaya.)

Ukurasa wa kwanza unasema afisa atakagua kila kambi, na zile zilizochakaa sana zitafungwa ili ardhi ipumzike. Ukurasa wa pili sikuusoma. Hasira ya ukurasa wa kwanza ilinitosha.

Kambi yetu imechakaa. Nakiri hapa tu. Mke wangu Colleen na mimi tulikuja kila kiangazi mpaka saratani ilipomchukua mwaka juzi. Pale hema lilipokaa, nyasi hazioti tena. Na kuna duara la mawe ya moto. Kila mwaka Colleen aliokota jiwe moja kijitoni akaliongeza. Mawe ishirini na moja. Miaka hii miwili nimekuja peke yangu na sikuongeza hata moja.

Wakiifunga, sijui nitaenda kumkumbuka wapi.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata mpango! Kambi isiyochakaa haifungwi. Basi yangu haitakuwa imechakaa. Nimenunua reki mpya.

Kutwa nzima nimekokota majani makavu ya misonobari na kuyatandaza juu ya udongo mtupu. Nimechimbua vichaka vitatu mahali pengine nikavipanda njiani pikapu inapoingilia. Mgongo umekufa. Kazi safi.

Doyle akapita. Yeye anakaa hatua mia nne chini ya kijito, na trela refu kama behewa, mioto mitatu, jenereta, na kamba ya nguo iliyopigiliwa misumari kwenye mti hai. Akashusha kioo cha gari akaniuliza, mzee, serikali imeanza kukulipa uwafagilie msitu? Nikamwambia duniani kuna watu wanaoacha fikra na kuna watu wanaoacha makopo. Akasema hata kwake majani yamejaa, nikimaliza nipite.

Alhamisi, 11 Julai

Leo ilikuwa zamu ya mawe.

Niliyatupa kijitoni moja moja. Nilidhani ningemaliza kwa dakika tano. Ilinichukua asubuhi nzima. La mwisho lilikuwa lile bapa, alilokuwa akiwekea birika la kahawa. Nililishika kwa muda. Nikajiambia, ni kwa ajili yake. Nikalirusha.

Mahali pamependeza. Mtu angeapa kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga hapa.

Nimelala garini. Sikutaka kuvuruga majani.

Jumamosi, 13 Julai

Afisa amekuja. Maite Etcheverry, miaka kama thelathini, Mbaski wa asili ya Hispania, babu zake walichunga kondoo milima hii hii. Nilijiandaa kwa mapambano. Nilikuwa na hoja saba. Akaniharibia yote kwa adabu.

Aliuliza kama hapa pana kambi ya zamani. Nikamjibu kwamba sijawahi kuona mtu akilala hapa, hata mara moja. Akauliza mimi je, nafanya nini. Nikasema napita tu. Nilikuwa nimeshika reki.

Akaitazama reki. Akanitazama mimi. Akasema, Bwana Haskett, wenyeji ndio wanaojua kambi zote za kale, kama kuna unayoijua nionyeshe. Nikampeleka kwa Doyle. Nilimpeleka kwa moyo mkunjufu! Nikamwonyesha mioto yote mitatu, mafuta ya jenereta, misumari. Akaandika kila kitu na kunishukuru kwa msaada.

Ushindi mara mbili kwa siku moja. Nimekula maharage ya kopo na kipande cha nyama ya nguruwe, nikamnyanyulia Colleen kikombe.

Jumanne, 16 Julai

Ramani imetoka.

Kambi ya Doyle ni Namba 14. Atapigiwa kigingi chenye namba. Ameagizwa abakize moto mmoja na ang'oe misumari, basi. Kwangu pameachwa peupe. Hakuna kitu. Kijito kinapita, halafu weupe.

Nikausoma ukurasa wa pili, nikiwa nimesimama kati ya minyoo na ndoano. Kuanzia kiangazi kijacho, kupiga kambi ni marufuku mahali popote pasipokuwa kambi ya zamani iliyothibitishwa. Kinachotafutwa ni alama. Duara la mawe. Udongo uliokanyagwa. Zilizofungwa kwa uchakavu ni mbili tu katika wilaya nzima.

Mimi nimesoma historia ya sheria za ardhi tangu enzi za wafalme. Ukurasa wa pili!

Doyle akanipiga begani mbele ya watu. Ndugu yangu, akasema, bila wewe yule dada asingenipata, maana kwangu hakuonekani kutoka barabarani. Akaninunulia kahawa. Nikainywa. Hilo nalo nalijutia.

Alhamisi, 18 Julai

Nimekwenda ofisini kwa Etcheverry nikiwa na sauti yangu ya mikutano. Sikuitumia. Alisema alishuku tangu siku ile, kwa sababu majani ya msonobari hayaanguki kwa mistari. Lakini hawezi kuandika asichokiona, na shahidi pekee alimwambia kwamba hapajawahi kulala mtu.

Shahidi ni mimi.

Akasema ramani bado ni rasimu. Akanipa fomu ya ukurasa mmoja: kambi iko wapi, miaka mingapi, picha moja ya zamani. Mwisho Ijumaa tarehe 26, saa kumi na moja jioni. Akasema, andika ukweli tu, Bwana Haskett, hauzidi mistari mitano. Nikamwambia ukweli wangu haujawahi kutosha katika mistari mitano.

Jumapili, 21 Julai

Kurasa kumi na nne! Kuhusu uporaji wa ardhi ya wote, kuhusu vigingi kama silaha ya watawala. Sijaandika vizuri hivi tangu gazeti liliponiachisha kazi. Nikamsomea Rhonda, binti yangu, kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, mtoto mwema. Kisha akauliza, Baba, umetaja kambi iko wapi?

Sikutaja.

Akasema, basi tuma ile picha ya Mama. Picha ninayo. Amechutama kando ya mawe, kahawa mkononi, anamcheka mpiga picha. Mpiga picha ni mimi. Nimeiweka mezani pamoja na fomu tangu mchana. Mstari wa kwanza lazima uwe "Nilidanganya." Nimeandika N.

Jumanne, 23 Julai

Nimerudi kijitoni kuyatafuta mawe. Maji ya theluji, magotini, miguu haina habari na mimi. Mawe yote ya kijito yanafanana. Ukweli huo ulipaswa kumjia mtu kabla ya kuyatupa.

Doyle akatokea. Nikasubiri dhihaka. Akavua viatu akaingia majini, hakuuliza kitu. Tulitafuta mpaka jua la utosi. Alisema Colleen aliwahi kumpelekea samaki aina ya trauti wa kukaanga mwaka mke wake alipoondoka, na alikuwa hajui kwamba mimi sikujua. Tulipata jiwe bapa moja. Labda ndilo. Labda silo.

Alipoondoka akasema Namba 14 ina nafasi ya mahema mawili, karibu wakati wowote, jirani. Namshuku. Mtu hatoi nusu ya kambi bila sababu.

Ijumaa, 26 Julai

Usingizini nimepata jibu. Ushahidi! Wanataka alama, nitawapa alama. Nimeleta nyumbani mawe ishirini kutoka kijitoni. Nayapaka mafuta ya nguruwe na kuyaoka kwenye oveni yawe meusi kama yaliyoona moto miaka ishirini. Kesho nayapanga, Jumatatu namwita Etcheverry aje kujionea kambi ya kale. Hakuna haja ya kukiri chochote.

Saa tisa Rhonda amepiga simu. Amesema bado nina saa mbili, nimtajie tu hiyo mistari mitano, ataituma yeye mwenyewe kutoka Boise anakokaa, pamoja na picha. Akasema, Baba, tafadhali. Nimemwambia mtu mwenye ushahidi hahitaji fomu. Akakata simu.

Saa kumi na nusu. Jiwe la kwanza limepasuka. Kioo cha mlango wa oveni kimekwenda nalo. Kila mtoto wa huku anajua kwamba jiwe bichi la kijitoni, lililonyonya maji, halitiwi motoni, lakini hili lilikuwa na kasoro tangu mwanzo, niliona.

Nimepunguza moto. Nimetia la pili.